Makufuli ya Konokono

Kwenye karakana ya mabasi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kufuli, naye hakuona ubaya. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mtunza stoo. Alikaa nyuma ya dirisha la wavu wa chuma, rafu za vipuri zikiwa mgongoni mwake, na kishada cha funguo kikining'inia kwenye mkanda wake hata akienda msalani. Fundi akitaka bolti, alitia saini. Akitaka tambara la kufutia grisi, alitia saini. Meneja mwenyewe aliwahi kuja kuomba taa ya breki, akasimama dirishani kama wengine, akapewa kalamu. Mafundi walimtania kwamba siku atakayokufa, malaika atalazimika kutia saini kwanza ndipo akabidhiwe roho.

Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga mtu majungu, hakula rushwa, na mshahara wake ulifika nyumbani mzima. Alikuwa tu mtu asiyeamini kwamba kitu kinaweza kukaa mahali pake bila kulindwa.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Alifundisha jiografia. Alichora ubaoni maporomoko ya maji kwa ubavu wa chaki, akachora ziwa la chumvi, mlima wenye theluji kileleni, bonde lililopasuka kama ukwaju mbivu, na kila mwaka watoto wapya walinakili michoro ile kwenye madaftari yao. Yeye mwenyewe alikuwa hajakiona hata kimoja kati ya vitu hivyo. Likizo zilikwenda kwa kuuguza wazazi, kisha kwa kumlea binti yao wa pekee, kisha kwa kumsomesha. Walipokaribia kustaafu, Mwalimu alichana karatasi kutoka kwenye daftari, akaandika majina ya mahali panane, akaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni. Mumewe akampa neno lake. Wataenda kote, wao wawili, taratibu, bila kupangiwa saa na mtu.

Ndiyo maana walinunua lile gari. Lilikuwa gari refu la bati lililokuwa likisambaza mikate, lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Hata baada ya kusuguliwa kwa sabuni mara nne, jua likiwaka lilinukia hamira. Kufuli alilijenga upya kwa mikono yake: kitanda cha kukunja, makabati, sinki yenye ndoo chini yake, jiko dogo la gesi. Mwalimu hakudai kitu ila kimoja. Gari la mikate halina madirisha, na yeye alitaka dirisha kila upande, kubwa kama ubao wa darasani. Kufuli akakata bati, akapachika vioo. Mwalimu akaingia, akakaa kitandani, akatazama nje ua wao wenyewe kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Ni yeye aliyelibatiza gari jina la Konokono, kwa kuwa litatembea polepole na nyumba yake mgongoni.

Wakati huohuo Mwalimu alianza kujigonga bega kwenye miimo ya milango. Akimimina chai, ilianguka kando ya kikombe. Daktari wa macho akamwambia ana presha ya macho, ugonjwa unaokula pembeni kwanza, mpaka mtu anabaki akitazama kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu, nayo ilitakiwa ikae kwenye baridi na asiikose hata siku moja. Mwalimu alisikiliza kama anavyosikiliza ratiba ya mitihani. Nje ya kliniki alimwambia mumewe jambo moja tu, kwamba basi waanze mapema.

Wakaanza mapema. Safari ya kwanza ilikuwa ya ziwa la ndege, mwendo wa siku moja na nusu. Mwalimu alikaa mbele akitaja kila kilima, na Kufuli, ambaye maisha yake yote aliona mabasi yakitoka na kurudi bila yeye, alijikuta anapiga mluzi. Saa saba mchana wakasimama kwenye mgahawa wa kando ya barabara. Kwa kuwa kivuli kilikuwa nyuma ya jengo, gari likaegeshwa nyuma. Walikula bila haraka, dakika ishirini na tano hivi. Waliporudi, mlango wa ubavuni ulikuwa wazi kidogo, na chini ya kitasa palikuwa na kovu jembamba la bisibisi.

Jiko lilikuwa limekwenda na mtungi wake. Blanketi mbili zilikuwa zimekwenda. Darubini ambayo binti yao alimnunulia mama yake kwa ajili ya ndege wa ziwani, nayo imekwenda. Na kisanduku cha barafu, ambacho mwizi bila shaka alidhani kimebeba soda, kilikuwa kimekwenda na chupa mbili za dawa ya macho.

Mwenye mgahawa aliapa hakuona mtu. Kituo cha polisi kilikuwa kilomita sita mbele, na huko askari mwenye uso wa usingizi aliandika maelezo yao, akainua kichwa, akauliza, "Mlifunga?"

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida, lakini Kufuli alihisi damu inampanda usoni. Alikuwa na miaka tisa alipoulizwa swali hilo mara ya mwisho kwa sauti ya namna ile. Baba yake alimtuma dukani na baiskeli yake; mtoto akaiegemeza ukutani, akaingia, akatoka, haipo. Baba hakumpiga. Alimuuliza tu kama alifunga, kisha kwa miaka minne akatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, na kila jioni mtoto alisikia viatu vile vikiburuta kuanzia kona ya mtaa. Hadithi hiyo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

"Nilifunga," akamjibu askari.

Duka la dawa la mji ule halikuwa na yale matone. Ikabidi wageuze gari. Njiani Mwalimu alisema kwa utulivu kwamba wakifika nyumbani wanunue dawa, waazime jiko kwa binti yao, na Jumatatu waondoke tena.

"Wamechukua vyombo," alisema. "Ziwa hawakuliiba."

Kufuli alikuwa akitazama kwenye kioo cha pembeni, akihesabu magari yaliyokuwa nyuma yao.

Jumatatu ilifika, na badala ya kuondoka akamwita fundi wa umeme wa magari, mtu mwembamba aliyependa kusikilizwa. Fundi yule alimpa somo zuri, na tuseme haki yake, halikuwa na kasoro. Mwizi haogopi chuma, alisema, anaogopa muda na kelele. Mpotezee muda, mpigie kelele, atakwenda kwa jirani. Basi wakaweka kitasa cha pili juu ya kila mlango na cha tatu chini. Wakachomelea bawaba ili pini zisitoleke. Wakafunga king'ora kinacholia mlango ukiguswa bila kuzimwa kwanza. Wakaficha kifaa chenye laini ya simu cha kuonyesha gari liko wapi, na swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta, ili hata mwenye ufunguo asifike popote bila kujua mahali pa kubonyeza. Kwenye usukani likaja pingo la chuma la kuuzuia usigeuke, na betri na mtungi vikatiwa kwenye vizimba. Kazi yote ilichukua wiki sita, na fundi akafungasha vifaa vyake akisema kwamba sasa bwana anaweza kusafiri na roho yake ikatulia.

Lakini roho ya Kufuli haikutulia. Kila asubuhi, kabla ya chai, alitoka uani na bisibisi na mtaimbo akajaribu kuliibia gari lake mwenyewe. Alijilaza chini ya uvungu, akapanda juu ya paa, akaingiza waya kwenye mpira wa kioo. Aliwaza kama mwizi, na mwizi aliyekuwa kichwani mwake alikuwa hodari kuliko wezi wote wa dunia, kwa kuwa hakulala na hakuwa na haraka. Kila asubuhi alipata upenyo mmoja, na kufikia alasiri alikuwa ameuziba. Wezi hasa, wale wa bisibisi na dakika ishirini na tano, alikuwa ameshawashinda zamani. Mwalimu angeweza kumwambia hivyo, na siku moja alimwambia. Akajibiwa kwamba bado kidogo.

Yule bado kidogo akala miezi tisa.

Mwezi wa saba ilikuwa zamu ya madirisha. Mwalimu alikuwa ametoka kliniki na mdogo wake, wakaingia uani wakamkuta Kufuli ameshabandika karatasi nyeusi kwenye vioo vyote viwili vikubwa na sasa anakaza skrubu za wavu wa chuma. Mdogo wake Mwalimu, mjane aliyeshona nguo za harusi na kucheka mpaka majirani wakamsikia, siku hiyo hakucheka. Aliaga akaondoka. Mwalimu akapanda garini, akakaa kitandani mahali pake.

"Baba watoto, haya madirisha niliyaomba mimi."

"Si bado yapo."

"Yapo. Ila sasa naitazama dunia kupitia dirisha la stoo."

Kufuli akamweleza kwamba kioo ndicho kinachovunjwa kwanza, kwamba humo ndani kutakuwa na dawa yake, kwamba haya yote anayafanya kwa ajili yake. Aliyasema kwa moyo mmoja, na aliamini kila neno. Mwalimu alisubiri amalize.

"Jicho la kulia limekwisha," akasema. "La kushoto, daktari amesema nikijaliwa, mwaka."

Kufuli akaweka bisibisi chini. Akaja akaketi kando yake, wakakaa hivyo, mabega yakigusana, wakitazama nje kupitia vitundu. Akaahidi kwamba mwezi ujao wataondoka. Ule wavu hakuuondoa.

Waliondoka baada ya miezi miwili, kwenda ziwa la chumvi. Kufikia hapo Konokono alikuwa na makufuli na makomeo kumi na moja, na kutoka ndani kulikuwa na hatua saba za kufuata kwa mpangilio. Kufuli alimfundisha mkewe hatua hizo kama mtu anavyofundisha namba za simu. Walifika kwenye uwanja wa kupigia kambi mchana, wakakuta mahema machache na watu wakarimu, na Kufuli akatumia jioni nzima kuchagua mahali pa kuegesha, akisogeza gari mbele na nyuma mpaka pua yake ikaelekea lango na ubavu wenye mlango ukabakiza upenyo wa mtu mmoja tu na ukuta wa vyoo.

Alfajiri Mwalimu aliamka kabla ya mumewe. Alitaka kuona jua likichomoza juu ya chumvi. Alipapasa komeo la kwanza, la pili, la tatu, akafungua kufuli kwa vidole, na hatua ya sita, ile ya king'ora, ikamtoka kichwani. Mlio uliopasuka ulimfanya akae chini pale pale kwenye kidato cha mlango, mikono masikioni. Watu walitoka kwenye mahema yao wakiwa nusu uchi. Kufuli aliruka akiwa na kaptula tu, nondo mkononi, akazunguka gari mara mbili akimtafuta mwizi, kabla ya kuelewa. Kuzima king'ora kulihitaji namba nne, na kwa ule mshtuko alizikosea mara mbili. Kelele zilipokatika, jua lilikuwa limeshapanda kimo cha mtu, jeupe, la kawaida.

Mwalimu aliomba radhi hema kwa hema. Muuguzi mmoja mstaafu, aliyekuwa pale na mumewe, akamwambia asijali, na kwamba wao wanakwenda kwenye miamba ya ng'ambo, mwendo wa saa mbili kwa miguu, ambako heroe, wale ndege wa miguu mirefu, hutua kwa maelfu. Waje wote pamoja.

Mwalimu alimgeukia mumewe. Kufuli akatazama miamba, akatazama gari, akatazama kijana mmoja aliyekuwa akichota maji bombani, ambaye baadaye ilijulikana ni mtoto wa mwenye kambi.

"Nendeni tu," akasema. "Lazima mtu abaki na gari."

Mwalimu alikwenda ameshika mkono wa mtu asiyemjua. Alirudi saa saba, chumvi imeganda kwenye viatu, akiongea mfululizo kama msichana aliyetoka kwenye ngoma yake ya kwanza. Heroe walivyoinuka wote kwa pamoja, alisema, na jicho lake moja linaloona kama kwenye bomba halikutosha, ikabidi azungushe kichwa kama mtu anayesoma bango refu, na bado hawakwisha. Walikuwa na rangi ambayo chaki yake haikuwahi kuwapa. Kufuli alisikiliza huku akitia mafuta komeo. Alifurahi kwa kweli kumwona amefurahi. Alipomaliza kutia mafuta akauliza kama njiani walikutana na watu wowote wanaoelekea maegesho.

Mwalimu akavua viatu, akavikung'uta nje, akavipanga. Tangu siku hiyo hakumsimulia tena alichokiona.

Waliporudi, mdogo wake alikuja kusalimia, akalizunguka gari akigonga makufuli kwa kidole. "Shemeji," akasema, "dada yangu ulimtolea mahari, lakini naona uliyemuoa ni huyu hapa." Kufuli akacheka, maana utani wa shemeji hauna kesi. Maneno yale alikaa nayo mpaka jioni.

Hata hivyo hakuacha. Alisikia kwenye redio kwamba mahali fulani magari yanavutwa na winchi mchana kweupe, wenyewe wakiwa dukani. Akanunua vifungio vya magurudumu. Akanunua mnyororo. Mvua zikaja, zikaisha. Betri ikafa kwa kuwa king'ora na kile kifaa cha laini vilikuwa vikiinyonya kutwa kucha huku gari limesimama. Alipoweka nyingine, swichi ya siri ikagoma, na kwa wiki tatu Konokono alikataa kuwaka kwa mtu yeyote. Fundi wa umeme alikuja akavua nusu ya dashibodi, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Mzee, hongera," alisema. "Umelilinda mpaka na wewe mwenyewe."

Katika wiki hizo tatu, jicho la kushoto likafunga. Halikuzimika kama taa. Lilififia, mpaka Mwalimu akabaki akitofautisha mchana na kivuli, na zaidi ya hapo, basi. Hakulia mbele ya mumewe. Alijifunza jikoni upya, akapanga vikombe kwa ukubwa, akajua mlango kwa hewa yake. Alasiri moja Kufuli aliingia akiwa na grisi mpaka viwikoni, akamkuta amesimama mbele ya kabati, kiganja kimelala juu ya ile karatasi.

"Nisomee," akamwambia.

Akasoma mahali panane. Aliyajua majina yale kwa moyo, wote wawili waliyajua. Alipomaliza, Mwalimu aliacha kiganja pale pale, kama anayengoja neno lingine lifuate, kisha akakiondoa.

Wiki ile ile Kufuli akaliwasha gari. Aibu ilikuwa imemkalia kifuani kama gunia la saruji. Akasema wanakwenda kwenye maporomoko, sasa hivi, kesho. Mwalimu aliuliza kwenda kufanya nini. Akamwambia atakuwa macho yake, atamweleza kila kitu, hatabaki na gari. Alimshika mikono yote miwili akimwambia hivyo, na Mwalimu, ambaye alimpenda, akakubali.

Waliendesha siku mbili. Maegesho yalikuwa hatua kama mia mbili kutoka ukingoni, na katikati palikuwa na miti. Kufuli alifunga makufuli na makomeo yote kumi na matatu, akamwachia mlinzi wa maegesho kitu kidogo, kisha akamshika mkewe kiwiko wakatembea. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Hatua mia mbili nzima alijihesabia kama mtu anayezuia pumzi chini ya maji.

Kwenye kizuizi cha chuma Mwalimu alisimama, uso umelowa rasharasha. Alitabasamu.

"Miaka yote nilikuwa nawaambia watoto maporomoko yananguruma," alisema. "Hayangurumi. Yanapumua. Haya, niambie."

Kufuli akaanza, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa na kipaji kile, hata yeye. Alimwambia kwamba maji yanafika ukingoni ya kijani, laini kama kioo cha chupa, halafu yanakunjika na kugeuka meupe. Kwamba mwamba ni mweusi na umeyagawa mikono mitatu, wa kushoto mnene, wa katikati umechanika kama pazia kuukuu. Kwamba kuna mti umeota pembeni kwenye ufa, mdogo, umeinama, unatikisika bila kupumzika. Mwalimu alifuata kwa kidole hewani, akichora.

"Kulia je?"

"Kulia kuna upinde wa mvua, lakini haukamiliki. Unaanzia kwenye jiwe, unafika nusu, unakatika kwenye moshi wa maji. Chini kabisa..."

Nyuma, kule maegesho, injini ikawaka. Ilikuwa injini ya dizeli, nzito.

"Chini kabisa maji yanakusanyika," Kufuli akaendelea, "yanazunguka, yana povu, yanazunguka..."

"Umegeuka," Mwalimu alisema.

"Nani?"

"Sauti yako imetazama nyuma."

Ilikuwa mara moja tu, kufumba na kufumbua, na kati ya miti aliliona bati jeupe la Konokono limetulia na basi la watalii likitoka kando yake. Angeweza kusema uongo. Hakusema.

"Nimechungulia tu."

"Lipo?"

"Lipo."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. Kidole chake kilikuwa bado juu hewani, mahali pa upinde wa mvua. Akakishusha.

"Basi twende nyumbani."

Akambembeleza. Ndiyo kwanza wamefika, alisema, bado kuna upande wa pili, kuna daraja, kuna mahali pa kushuka mpaka chini. Alirudia kusema samahani mpaka neno likapoteza maana.

"Usijisumbue," Mwalimu alimwambia, bila ukali. "Nilichokuja kukiona nimekiona."

Walirudi kwa siku mbili, Mwalimu akiwa amelala kitandani nyuma. Hawakugombana. Kufuli alitamani wagombane. Alizoea kuulizwa, kulaumiwa, kujitetea. Alichopewa ni kushukuriwa kwa chai, kushukuriwa kwa kufunguliwa mlango, kama anavyoshukuriwa dereva.

Mwaka uliofuata Mwalimu alianza kusafiri na mdogo wake. Walikwenda kwa basi, wakalala kwenye nyumba za wageni za kawaida, mikoba yao wameiweka miguuni. Mara moja waliibiwa mwavuli na viatu vya kubadilisha, wakacheka njia nzima. Mdogo wake alikuwa msimulizi mbovu kupindukia. Ziwa alisema linafanana na suruali iliyoanikwa, na bonde alisema limekaa kama mtu aliyekalia kiti kikavunjika. Mwalimu alirudi kutoka safari hizo amechoka, amechafuka, na mashavu yamejaa. Karatasi ya kabatini aliichukua, akawa anaiweka kwenye pochi.

Binti yao alipokuja likizo, aliona hali ilivyo, akakaa na baba yake uani. Kufuli akamuuliza kama mama yake amemkasirikia.

"Hajakasirika, Baba. Ameacha tu kukusubiri."

Akamshauri auze gari. Alikuja mnunuzi mmoja, akalikagua, akasifu kazi. Aliuliza kama limewahi kuvunjwa. Kufuli akamwambia mara moja tu, zamani, na tangu hapo hakujapotea hata msumari. Aliyasema hayo na kusikia mwenyewe jinsi yanavyosikika, akamwambia yule mtu kwamba hauzi.

Bado analitunza. Asubuhi huliwasha dakika kumi betri isife, hupaka makomeo mafuta, hujaribu vitasa. Majirani wanaopita humsalimia wakisema mzee na gari lake.

Mwezi uliopita simu iliita saa nne asubuhi, naye alikuwa chini ya uvungu. Alikuwa Mwalimu, kutoka chini ya ule mlima wenye theluji. Upepo ulikuwa mkali, na nyuma yake mdogo wake alisikika akibishana na muuza kahawa. Mwalimu alisema wamefika salama. Alisema baridi yake ina harufu, jambo ambalo hakuna kitabu kilichomwambia. Kufuli akatoka uvunguni, akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Alitaka kumuuliza mlima ukoje. Alitafuta namna ya kuliuliza swali hilo, akaona hana haki nalo, na akiwa bado anatafuta, mkewe akauliza:

"Uko wapi?"

"Nipo nyumbani."

"Konokono hajambo?"

"Hajambo."

"Vizuri," Mwalimu alisema, kwa upole kabisa. Mdogo wake akamwita, akasema anakuja, na simu ikakatika.